Siku ya Tatu Bila Kipimo

Kwa miaka kumi na tisa kaka yangu alikunywa kwa amri ya mwajiri. Naandika hivyo makusudi, maana wako watu hapa mtaani ambao leo wanasema alizaliwa mlevi, na mimi si mwepesi wa kusahau. Nakumbuka siku alipoingia kiwanda cha ngozi, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hajaonja hata bia. Walimpeleka mashimoni. Mashimo yenyewe ni ya saruji, marefu kama makaburi ya majitu, na ngozi mbichi hulowekwa humo kwenye chokaa mpaka manyoya yalegee. Kisha mtu huzivua kwa kulabu, huzitandaza juu ya gogo na kuzikwangua kwa kisu chenye mipini miwili. Mgeni akifika pale hutapika kabla hajasalimia.

Dawa ya harufu ile waliibuni wakubwa wenyewe. Kila mtu wa mashimoni alipewa kikombe cha bati cha pombe kali asubuhi, kingine mchana, kingine wakati wa kutoka. Kiliitwa kipimo. Kiliandikwa kwenye mkataba, baada ya glovu na kabla ya sabuni. Glovu sijawahi kuziona. Sabuni niliiona mara mbili. Kipimo hakikukosekana hata siku moja.

Mimi nilikuwa banda la kukaushia, juu kwenye upepo, na huko kipimo hakikufika. Niliijua pombe kwa kuitazama tu, kama mtu anayeijua bahari kwa picha.

Nilimtazama kaka akibadilika. Kwanza alicheka sana. Halafu akaanza kula kidogo, halafu akauliza swali moja mara tatu katika jioni moja, na shemeji akamjibu mara zote tatu bila kununa. Miguu ilimfa ganzi. Alisema anahisi kama anakanyaga pamba. Asubuhi mikono ilimtetemeka mpaka shemeji ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Lakini akifika getini na kukipiga kikombe cha kwanza, mikono ilitulia tuli, ungeweza kumpa mtoto mchanga amnyoe kwa kisu kile. Nyapara alipenda kumwonyesha wageni. Alikuwa akisema mashine nzuri inataka mafuta, na wageni wanacheka.

Basi tukagoma. Siku kumi na moja. Watu waliniita Mdomo, kwa kunisifu na kwa kunitukana, na jina nililipokea lote. Sheria nilijifundisha mwenyewe, kwenye magazeti makuukuu na kitabu kimoja kisicho na jalada. Dai letu la kwanza lilikuwa kipimo kifutwe. Meneja hakukataa. Alisema kipunguzwe kwa hatua, kwa miezi mitatu, halafu kiishe. Nikasimama juu ya gogo la kukwangulia nikawauliza wenzangu: aliyekukanyaga mguu, anautoa wake kwa hatua? Walicheka mpaka nyapara akacheka. Tukaandika "mara moja". Neno lile nililichagua mimi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya shangwe. Watu wa mashimoni, thelathini na wawili, walivipanga vikombe vyao chini na kuvikanyaga. Kaka alikikanyaga chake mpaka kikawa kama sarafu, akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwenye msiba wa baba. Nyumbani shemeji alipekua chumba kizima, akatupa hata spiriti ya kuwashia jiko. Jioni kaka alianza kutoka jasho, shati likamgandia mgongoni. Nikamwambia shemeji asiwe na wasiwasi, ile ni sumu inatoka.

Siku ya pili alitapika hata maji. Mshipa wa shingo ulikuwa ukiruka waziwazi, ungeweza kuuhesabu ukiwa mlangoni. Kitanda kilitetemeka naye. Akaanza kuomba kikombe kimoja, kimoja tu, kwa sauti ambayo sikuijua. Shemeji alitoka kibarazani akaniambia: "Shemeji, mimi nimeshaona mtu mwenye homa. Hii si homa."

Nikamjibu kwamba ukombozi una homa yake. Kweli, nilisema maneno hayo, nikayaona mazuri. Kisha nikaenda dukani nikanunua kufuli nikafunga mlango kwa nje, asije akaponyoka kutafuta pombe. Kufuli nilinunua mimi.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, tulisikia kishindo. Tulipofungua alikuwa sakafuni, amekakamaa, macho yamegeuka, povu lenye damu likimtoka mdomoni kwa sababu ameuma ulimi. Mwili ulimpiga chini mara nyingi sana kisha ukanyamaza. Shemeji alimshika kichwa. Mimi, Mdomo mzima, nilibaki nimeshika kufuli.

Alipozinduka alikuwa si yeye. Aliinuka, akachukua kijiko mezani, akauendea ukuta na kuanza kukwangua rangi, kutoka juu kwenda chini, kwa mpangilio ule ule wa kazini. Alilalamika kwamba ngozi hii haijakaa vya kutosha kwenye chokaa. Alinigeukia akaniita nyapara, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba kuna ngozi zimetoka shimoni zinatembea, niwaambie vijana wazirudishe. Macho yake yalizifuata zikipita.

Nesi wa zahanati alikuja na begi lake. Alimpima mapigo, akamwekea mkono kifuani, akauliza amekunywa miaka mingapi na ameacha lini. Nilipomwambia, aliuondoa mkono kifuani.

"Nani amewaambia mumwachishe hivi?"

Alinieleza akiwa anakusanya vitu vyake, upesi, kama mtu anayezungumza na mjinga ambaye hana muda wa kumkasirikia. Pombe, alisema, inaukalia ubongo. Ikiukalia kila siku, ubongo nao unajifunza kusukuma juu ili usizame, unasukuma mwaka hadi mwaka, kama mtu anayeegemea mlango unaosukumwa kwa nje. Sasa sisi tumeuondoa ule mzigo kwa siku moja. Mlango umefunguka ghafla naye kaanguka na nguvu zake zote. Moyo unakimbia, mishipa inawaka, macho yanaona yasiyokuwepo, degedege linakuja, na likirudi linaweza kumchukua. Mtu wa namna hii hupunguziwa kidogo kidogo, au huachishwa hospitali akiwa na sindano za kumtuliza. Pale zahanati sindano hizo hazikuwepo. Nikamuuliza kama kikombe kimoja kingesaidia. Jana kingesaidia, alisema. Leo hajielewi, ukimnywesha kitapita njia ya pumzi. Apelekwe hospitali kubwa, sasa hivi.

Kisha akasema ametoka kwa mzee wa chumvi, yule aliyekuwa akizipaka ngozi chumvi tangu kabla sisi hatujaajiriwa, na hali ni hiyo hiyo. Na wengine sita wanatetemeka majumbani mwao.

Hospitali kubwa iko ng'ambo ya milima. Basi hupita mara moja tu, alfajiri. Gari la zahanati lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka juzi. Mtaa wetu umejengwa na kiwanda, vyumba ni vya kiwanda, bomba la maji ni la kiwanda, na chenye magurudumu kilichokuwa kikitembea siku ile kilikuwa lori la kiwanda. Nilikimbia.

Meneja alinikaribisha kiti. Ana tabia ya upole, na upole wake ndio ninaouchukia kuliko kelele za nyapara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasikitika, akasema kaka yako ni mfanyakazi wangu bora, lori lipo, dereva yupo, linapakia ngozi liende mjini na linapita mbele ya hospitali. Akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu.

"Andika kwa mkono wako mwenyewe. Mwandiko wako ndio wanaouamini."

Alinisomea nitakachoandika: kwamba wafanyakazi wa mashimoni, kwa kuona madhara yaliyowapata, wanaomba kipimo kirudishwe kama kilivyokuwa, na kwamba kuanzia leo asiyekunywa haingii shimoni, kwa usalama wake mwenyewe.

Nilimwomba. Niseme wazi, sikubishana, niliomba, mikono nimeikutanisha. Nikamwambia tuandike kirudi leo, lakini kipungue kidole kimoja kila wiki mpaka kiishe.

"Hilo nilikuletea mezani, Bwana Mdomo, ukasimama juu ya gogo ukawachekesha watu. Leo halipo."

Dirishani dereva alikuwa ameshawasha injini. Hiyo ndiyo hesabu niliyopewa: watu thelathini na wawili upande mmoja, kaka yangu upande mwingine, na hata wale thelathini na wawili, robo yao walikuwa wanakufa kwa kukosa sumu niliyowanyang'anya. Wakubwa walimfanya mtu mgonjwa kwa miaka kumi na tisa, na siku anapopata nafuu wanamuuzia ugonjwa kama dawa. Nayajua haya yote. Niliyajua nikiwa na kalamu mkononi. Nikaandika, nikatia sahihi.

Tulimlaza kaka nyuma ya lori, juu ya ngozi zenye chumvi. Shemeji alikilaza kichwa chake mapajani, mimi nikamshika miguu. Degedege lilimrudia mara moja njiani. Shemeji hakulia, aliniuliza tu, mara moja, kama lile neno "mara moja" nililitoa kwenye kitabu au kichwani mwangu. Nikamwambia kichwani. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji.

Hospitali walimfunga kitandani kwa shuka, wakampiga sindano, wakamtundikia dripu na vitamini. Siku nne alikuwa akikwangua hewa. Ya tano alilala. Ya sita alimjua mkewe.

Mzee wa chumvi alikufa siku ile ile ya tatu, saa tisa alasiri. Kipimo kilirudi saa kumi. Wale sita waliletewa majumbani na nyapara mwenyewe, akiwa na jagi, na kabla ya jua kuzama walikuwa wamekaa vibarazani, wametulia, wakimshukuru. Nyapara aliwauliza kama sasa wamejua nani anawapenda. Karatasi yangu waliibandika getini. Mimi walinifukuza kazi siku ya pili yake, na hakuna aliyegoma.

Kabla hatujaruhusiwa, daktari alituita chumbani kwake, kaka na mimi. Alizungumza taratibu. Alisema ini limevimba lakini bado linaweza kujitengeneza. Miguu itarudi kidogo. Kumbukumbu itakuwa na mashimo, mengine hayatafukiwa. Ila asionje tena, hata tone, maana ubongo uliopita pale mara moja haupiti tena kwa bei ile ile. Mara ya pili degedege huja mapema na kwa nguvu zaidi, na huenda tusiwahi. Kaka aliitikia kila neno.

Nyumbani alikaa wiki moja. Alinenepa mashavu. Alijifunga vifungo mwenyewe, shemeji akikaa pembeni anamtazama kama anayetazama mtoto anayeanza kutembea. Jumapili alikuja karani na ujumbe: kesho arudi kazini, au achukue vyombo vyake, chumba kinahitajika. Nilimwambia tuhame, tutalala popote. Akaniuliza popote ni wapi, na watoto wanne. Kazi nyingine hakuwa nayo. Mikono yake ilikuwa imeliwa na chokaa, na miguu ile haikuweza kubeba mzigo wa kibarua. Wiki ile nilikuwa nimeshaenda kwa meneja mara tatu kuomba aende banda la kukaushia. Mara ya tatu mlinzi hakunifungulia.

Jumatatu asubuhi nilisimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, mbele yake.

"Nipishe, mdogo wangu."

Nikamuuliza daktari alimwambia nini.

"Sikumbuki."

Sikujua kama ni kweli, na mpaka leo sijui. Nikamwambia mimi nakumbuka, nitamrudia neno kwa neno.

"Basi kumbuka kwa niaba yetu wote wawili," alisema, "mimi niende kazini."

Shemeji alikuwa mlangoni na chakula chake cha mchana kwenye kifurushi. Nilimtazama aniunge mkono. Alinipita, akampa mumewe kifurushi, akamnyoosha kola.

Kaka alinishika mabega, akaniweka kando kama anavyoweka ngozi ambayo haijawa tayari, bila hasira. Nikamfuata nyuma mpaka getini nikisema, sijui hata nilisema nini, watu wananipisha kama wanavyompisha kichaa. Foleni ilikuwa imepangwa. Nyapara aliniona kwenye vyuma vya geti, akajaza kikombe hadi kikamwagika.

Kaka alikipokea kwa mikono miwili, akanigeuzia mgongo, akanywa. Nadhani alinigeuzia mgongo kwa kunistahi.