Kayaki Mbili za Mzee Ditram

Gaudiosa alishasema neno lake tangu mwezi wa nne, siku mumewe Ndaki alipoletwa nyumbani Mabwerebwere, Kilosa, bega likining'inia: bwawani harudi mpaka apate chombo ambacho yeye Gaudiosa amekikagua kwa mikono yake. Bwawa lenyewe ni la zamani, lilichimbwa enzi za mashamba ya mkonge, na miti iliyoachwa ndani imebaki visiki chini ya maji. Siku hiyo mtumbwi wa Ndaki wa mbao uligonga kimoja ukapasuka katikati. Ndaki, mtoto wa kanda ya ziwa, aliogelea kwa mkono mmoja hadi ukingoni.

Bega likapona nusu. Kambale wakaendelea kuvuliwa na wengine.

Ndipo wakasikia kwamba kambi moja ya wageni kule Mikumi imefungwa na inauza kayaki mbili, vile vimtumbwi vyembamba vya watalii. Walifika asubuhi, mtoto wao Selestina mgongoni kwa mama yake. Mlinzi wa kambi, Mzee Ditram, alikuwa anachemsha chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmewahi. Kuna mtu wa Iringa yuko njiani, atachukua mtakayoiacha." Akafunua turubai. "Hii nyeupe ni ya faiba, ya mzungu mwembamba. Ile ya kijani ni plastiki, ya mzungu aliyeshiba."

Ndaki akacheka, akainua ile nyeupe kwa mkono wake mzima, akaitupia begani na kuzunguka nayo uwanja mzima kama mtu aliyebeba mkeka. Ile ya kijani aliinua ncha moja, akaishusha polepole. Gaudiosa aliona alivyolishika bega.

"Mama Seli, tusipoteze muda. Hii nyeupe ndiyo chombo. Itakata maji yenyewe."

Gaudiosa alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa tumbo la ile nyeupe. Vidole vikakuta kinundu. Akakwangua rangi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kiraka kirefu kama kiganja.

"Hapo iligonga jiwe," akasema Mzee Ditram bila kuulizwa. "Ikapelekwa Morogoro, kwa fundi wa bampa za magari. Kazi safi."

"Safi kweli," akakubali Gaudiosa. Kiraka kizuri alikijua. Kazi yake mwenyewe ni kuziba ndoo na mabeseni ya plastiki kwa chuma cha moto. "Ila Kilosa nani atanizibia faiba?"

"Kwani kila siku nitagonga kisiki?" akauliza Ndaki.

"Mwezi wa nne uligonga vingapi?"

"Kimoja."

"Haya."

Mzee Ditram akainamia birika lake kuficha meno.

Gaudiosa akahamia ile ya kijani. Akakwangua ukingo kwa kisu mpaka akapata unyuzi mwembamba, akausogeza kwenye moto wa chai. Unyuzi ukawaka taratibu, ukadondosha matone, ukanuka mshumaa uliozimwa.

"Ndugu yake dumu la mafuta ya kula. Ikitoboka naiziba mwenyewe, hapohapo nyumbani."

"Sawa, utaziba," akasema Ndaki, na safari hii hakuwa na utani. "Nani ataibeba? Kutoka barabarani mpaka majini ni mteremko wote ule. Bega hili halifiki nayo, unajua."

Alikuwa amesema kweli. Chombo kisichofika majini hakimlishi mtu. Nje ya geti pikipiki ikanguruma. Wote watatu wakageuka wakidhani ni yule wa Iringa, ikapita.

Gaudiosa akakaza kanga ya mtoto, akaenda kwenye ncha ya nyuma ya ile ya kijani.

"Shika mbele. Kwa mkono mzima."

"Na mtoto mgongoni?"

"Kwani ndoo za maji nabeba nani akiwa mgongoni? Shika, baba Seli."

Waliinua. Wakatembea mpaka getini, wakapumzika, wakarudi. Selestina hakuamka.

"Kila alfajiri hivi?" akauliza Ndaki akihema.

"Kila alfajiri."

"Si ulisema hutaki hata kuliona lile bwawa?"

"Sitaki. Nitakaa ukingoni na mabeseni ya watu."

Wiki iliyofuata, asubuhi ya tatu, Gaudiosa alikuwa ukingoni anapasha chuma moto aliposikia kishindo kutoka katikati ya bwawa. Kishindo kizito, cha kitu kugonga mti. Akasimama. Kayaki ya kijani iliyumba, ikajipinda kidogo, ikatulia. Ndaki akainama kutazama ndani, akapapasa huku na huku akitafuta ufa.

Kisha akainua kafi juu.

Gaudiosa aliinua mkono naye. Akakaa, akakuta chuma kimepoa, akakirudisha motoni.