Kurasa Tupu za Mji wa Usiniguse

Saa tisa na nusu alasiri, wakati wa kuwaona wagonjwa, Sindano alivuta kiti karibu na kitanda cha tano katika wodi ya macho, akafungua daftari, akakohoa kidogo, kisha akasoma ukurasa ambao haukuwa na hata neno moja.

"Zamu ya mia mbili na kumi na saba," alisema, macho yakitembea juu ya mistari mitupu. "Mji wa Usiniguse umevuna vizuri. Ukuta wa mashariki umekamilika. Raia wameridhika."

"Wameridhika kiasi gani?" Sauti ya dada yake ilitoka chini, kwa kuwa daktari alikuwa ameagiza alale kifudifudi, jicho lake likiwa limefungwa, mpaka kilichoshonwa ndani kishike. Jicho la pili, bovu tangu utotoni, lilimwonyesha mwanga na giza tu.

"Sana."

"Sana si idadi, Jemadari."

"Themanini na nane kwa mia."

Bibi wa kitanda cha sita, aliyekuwa akisubiri kuondolewa mtoto wa jicho, alipiga makofi mawili. "Si niliwaambia? Wapeni watu maji, watatulia. Na maktaba yangu?"

"Imefika kwenye paa, Bibi."

"Paa la nini?"

"La vigae."

"Hapo sawa. Msije mkaezeka nyasi, vitabu vikalowa."

Muuguzi aliyekuwa akipanga dawa alicheka. "Mimi nikistaafu nahamia huko huko. Hapa sisi wauguzi hata kiti cha kukalia hatuna."

Sindano alicheka pamoja nao. Mji wa Usiniguse ulikuwa umeteketea wiki tatu zilizopita, na katika dunia nzima hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Ndugu hawa wawili walikuwa wakicheza mchezo mmoja wa kompyuta, wa kujenga dola na kuilinda, kwa mwaka wa pili sasa. Walichezea nyumbani kwa Sindano kila baada ya kazi, mmoja ameshika kipanya, mwingine ameshika kalamu. Daftari lilikuwa wazo la dada, karani wa ghala ambaye hakuamini kitu kisichoandikwa. Yeye ndiye aliyetunga sheria tatu. Kwanza, vita visianzishwe bila wote wawili kukubaliana. Pili, kilichopotea kimepotea; hakuna kufungua mchezo uliohifadhiwa nyuma ili kufuta kosa. Tatu, kila kilichotokea kiandikwe kwa wino kabla ya kompyuta kuzimwa. Mji wa Usiniguse aliuanzisha yeye mpakani, chini ya pua ya jirani mkorofi, akaupa jina hilo kwa makusudi. Aliupenda kuliko mji mkuu.

Alipolazwa, alimwachia mdogo wake dola yote. "Cheza, uandike, uje unisomee," alimwambia. "Amri nitatoa mimi."

Siku ya nne tu, Sindano aliitamani bandari moja tajiri ya kusini. Aliwaondoa walinzi wa Usiniguse, akajiambia kwamba watarudi baada ya zamu mbili, wala hakumwuliza mtu. Jirani hakungoja hata hizo mbili. Sindano alitazama ghala likiwaka, kisha kisima, kisha nyumba moja baada ya nyingine, mpaka jina la mji likatoweka kwenye ramani. Sheria ya tatu aliitii: aliandika yote kwa wino. Kesho yake alikwenda hospitali akiwa amekusudia kuyasoma. Akamkuta dada yake amelala uso chini, mate yakimtiririka bila yeye kuweza kujifuta, naye akasema kabla hajasalimiwa, "Niambie Usiniguse haujambo."

"Haujambo," alijibu Sindano.

Neno hilo moja lilizaa ukuta, mavuno, mfereji wa maji na maktaba ya bibi. Kila siku dada alitoa amri, na kila siku mdogo wake aliripoti utekelezaji wake kutoka kwenye kurasa tupu. Mtu aliyemdanganya mwenye macho angeweza angalau kusema kwamba mwenzake hakuwa makini. Yeye hakuwa na hata kisingizio hicho.

Alasiri hiyo, alipokuwa akisimama ili aondoke, dada alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata daftari. "Keshokutwa wananifungua. Lete hili. Kitu cha kwanza nitakachosoma ni ule ukurasa wangu wa kuuanzisha mji. Kisha nitasoma yote uliyofanya, neno kwa neno."

Kesho yake, wakati wenzake wa karakana ya uchapaji walipokwenda kula, Sindano alibaki mezani. Alikuwa mjalidi, kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikunja, akitoboa na kushona karatasi, na ndiyo maana hata sindano yake ya kazi ilikuwa ikikaa kwenye ukosi wa shati. Daftari lile alilishona mwenyewe. Alijaza kurasa zilizobaki kwa mavuno na kuta za uongo, kisha akafika kwenye ukurasa wa maangamizi. Mtu mwingine angeuchana tu. Yeye hakuwahi kuchana karatasi kwa mkono maishani mwake, na alijua kwamba mchano huacha kovu ambalo dada yake angeligusa kwa kidole. Kwa hiyo alifungua uzi katikati, kwa ustadi, akaichomoa karatasi yote nzima kama alivyofundishwa.

Hapo ndipo alipoiona. Karatasi ya daftari hukunjwa katikati: nusu yake hukaa mwanzoni, nusu hukaa mwishoni. Nusu ya mwisho ilikuwa na mwandiko wake: *Usiniguse umeteketea.* Nusu ya mwanzo ilikuwa na mwandiko wa dada: *Leo nimeanzisha mji.*

Alichukua karatasi mpya, akajaribu kuuiga mwandiko ule. Alijaribu mara tatu. Herufi zake zilikaa wima kama askari. Za dada zililala upande mmoja, kama watu wanaocheka. Alipofika mara ya nne aliweka kalamu chini. Kudanganya kuhusu mji kulikuwa jambo moja. Sasa alikuwa akimwondoa dada yake mwenyewe, kwa gundi na uzi.

Siku ya kufunguliwa jicho, dada alikuwa ameketi, mto mgongoni, uso umevimba, akipepesa. Bibi wa kitanda cha sita alikuwa amegeuza kiti chake kabisa, kama anayengoja hotuba.

"Jemadari, umezeeka," alisema dada. "Lete."

Sindano alimpa daftari. Dada alilisogeza karibu na uso, akafunua taratibu, akafika mahali, akarudi nyuma, akafunua tena. "Ukurasa wangu uko wapi?"

Angeweza kusema umelowa. Angeweza kusema panya. Maneno yote mawili yalimfika ulimini. Badala yake aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka juu ya shuka.

Dada alisoma nusu yake, akatabasamu. Kisha akasoma nusu ya pili. Alisoma kwa muda mrefu, kwa jicho moja linalotiririka machozi ya dawa.

"Tarehe hii," alisema hatimaye, "ni siku ya nne."

"Ndiyo, Dada."

"Na ukuta wa mashariki?"

"Hakuna ukuta."

"Kwa hiyo wiki tatu nimelala hapa nikitawala majivu."

Bibi aliinua kidole, taratibu. "Na maktaba yangu, mwanangu?"

"Haikujengwa, Bibi. Nisamehe."

"Hata msingi?"

"Hata msingi."

Bibi aligeuza kiti chake, akatazama dirisha ambalo bado hakuliona vizuri. Hilo lilimchoma Sindano kuliko tusi.

"Ungeniambia mji umeungua, ningelia, yakaisha," alisema dada. "Ni mchezo. Lakini mimi nilikuwa sioni, nawe ukajua kwamba sioni." Alimwelekeza kidole kwenye ukosi. "Sindano unayo. Irudishe karatasi mahali pake. Hapa hapa, nikiona."

"Na hizi za uongo? Nizitoe?"

"Usizitoe. Kila moja uiandike juu, kwa wino, kwamba haikutokea."

Sindano alichomoa sindano, akatafuta tundu lake kwa uzi. Akalikosa. Akalikosa tena. Dada yake aliinama, akasogeza uso karibu kabisa na mikono ile, akakaza jicho lake jipya, wala hakumsaidia.