Jina la Ugonjwa wa Shantel

Kwa miaka minne Seline alinunua dawa ya kifafa bila kulitamka neno hilo hata siku moja. Alikuwa fundi wa nguo kule Nyamasaria, mwanamke mpole, na kila mwezi alifika kwenye duka la dawa la Magdalene, Mama Njuguna kwa wateja wake, pale Mamboleo, akasubiri wateja wapungue, kisha akaisukuma karatasi ya daktari juu ya kaunta kimyakimya. Magdalene aliisoma, akafungua kabati lenye kufuli, akahesabu vidonge vya siku thelathini. Karatasi ilisema yote. Mtaani kwa Seline, mtoto akijulikana ana kifafa, kikombe chake kinatengwa na wenzake wanakatazwa kucheza naye. Bintiye Shantel alikuwa na miaka kumi na mmoja na marafiki tele, na mama yake hakutaka apoteze hata mmoja.

Jumatatu ile karatasi aliyoileta Seline ilikuwa imekwisha muda, na hakuwa na nyingine. Madaktari wa serikali walikuwa kwenye mgomo wiki ya tatu, na zahanati za watu binafsi zilifurika hadi nje ya geti. Nyumbani vilibaki vidonge viwili tu.

Magdalene alitupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mwenzake Simiyu. Wakaguzi walikuwa wamelifunga juzi kwa kosa hilohilo la kuuza dawa za kabatini bila karatasi, na sasa Simiyu alikuwa akiripoti polisi kila asubuhi. Magdalene hakuwa mwoga wa hivihivi. Alitoka Nyeri na sanduku moja, akaisomea kazi yake, akaitundika leseni ukutani kwenye fremu, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Lakini siku hiyo aliogopa, na hakuna jina lingine la kuupamba woga huo.

Alimweleza Seline kwamba sheria haimruhusu. Kisha, kwa kuwa ilimuuma kumrudisha mtu mikono mitupu, akaongeza la kumtuliza. Alhamisi kamati ya wabunge ingekuja Kisumu kusikiliza maoni ya watu juu ya mswada wa kulegeza masharti, ili wagonjwa wa siku zote waongezewe dawa dukani bila kumrudia daktari. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya wasemaji.

"Vumilia kidogo, Mama Shantel," alisema. "Hii maneno tunaenda kuimaliza Alhamisi."

Mtu mwenye akili timamu hasemi hivyo juu ya wabunge, lakini Magdalene alisema, na Seline akaamini. Aliikunja karatasi yake, akashukuru, akatoka. Angegombana kidogo, pengine Magdalene angelegea.

Alhamisi waheshimiwa walichelewa saa mbili, wakaanza kwa kupongezana. Wasemaji walikuwa themanini, kila mmoja dakika tatu, na Magdalene alikuwa namba arobaini na moja. Karani alikuwa amegawa fomu yenye visanduku viwili, cha kuunga mkono na cha kupinga, naye akatia alama kwenye cha kuunga mkono bila kusita. Msemaji wa thelathini na nane alikuwa jukwaani simu ya Magdalene ilipolia.

"Mama Njuguna," alisema Seline, "hii dawa ni ya nini?"

Alikuwa kwenye zahanati ndogo ya Nyamasaria. Shantel alikuwa akishikwa na degedege tangu alfajiri, akitulia kidogo na kuanza tena. Juzi jioni, vile viwili vilipokwisha, Seline alikuwa amekwenda kwenye kibanda kimoja Kaloleni ambako hawamuulizi mtu karatasi, akapewa vidonge vyeupe, vidogo, sawasawa na vile alivyovizoea. Sasa alisoma maandishi ya pakiti, herufi moja baada ya nyingine, na Magdalene akaitambua. Ilikuwa dawa ya pumu. Kwa mtoto kama Shantel, dawa hiyo yenyewe huweza kuchochea degedege.

"Uliwaambia unataka dawa ya nini?"

"Watu ilikuwa mingi, Mama. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa nyuma yangu kwa laini. Nikasema na sauti ya chini."

"Ukasema nini?"

"Kifafa. Mimi nafikiri nilisema kifafa."

Aliyekuwa akiuza alisikia kifua.

Magdalene aliomba kuongea na muuguzi, akamweleza ni dawa gani. Muuguzi alijibu kwamba yuko peke yake, sindano ya kuzuia degedege imekwisha, na gari la kumpeleka mtoto kwingine bado linatafutwa. Magdalene alikuwa ameshafika mlangoni karani alipomzuia akimdai fomu. Aliitazama ile alama yake. Sheria ndiyo iliyomfukuza Seline dukani, hilo lilikuwa wazi. Lakini pale kibandani ni karatasi tu ambayo ingesema neno lililomshinda mama huyo mdomoni. Angeandika nini kwenye visanduku viwili? Akampa karani fomu vilevile ilivyokuwa, na nyuma yake namba arobaini na moja ikaitwa mara mbili.

Pikipiki ilimpeleka Mamboleo. Alifungua kabati, akachukua chupa nzima ya dawa ya Shantel bila karatasi ya mtu yeyote, akaenda nayo Nyamasaria ameikumbatia kifuani.

Muuguzi alikuwa ameshamfunika mtoto hadi kichwani.

Seline alikuwa barazani, na kila aliyeingia alimshika mkono. Alimshika mfagiaji, akamshika mwendesha pikipiki aliyemleta Magdalene, akamshika yule mwalimu wa kwaya aliyekuja mbio kumfariji. Wote aliwaambia maneno yaleyale, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba mtoto wake alikuwa na kifafa. Watu waliinamisha macho. Magdalene alisimama na chupa yake, hajui aiweke wapi, hadi zamu yake ikafika.

"Ni kifafa, Mama Njuguna," Seline alimwambia, kana kwamba ndio kwanza wanaonana. "Mtoto wangu ana kifafa."

Magdalene alimjibu kwamba anajua.