Pembeni Yako

Mwanga wa asubuhi unaingia kibandani kwa mshazari, na vumbi linacheza ndani yake. Nimeipindua kibodi ya watu kichwa chini, naipigapiga mgongoni, nayo inatema ilichomeza mwaka mzima: chembe za mkate, nywele, kucha iliyotafunwa na mtu mwenye mawazo. Mimi hapa, mama, nakohoa na kucheka peke yangu.

Uliwahi kuniuliza kama natengeneza kompyuta. Nikakujibu: hapana, mama, natengeneza vifaa vya pembeni. Kibodi, mausi, printa, spika. Ukaguna. "Na ya katikati anatengeneza nani?" Mwenye duka, nikasema, yule anayekaa mbele kwenye feni. Tulicheka siku ile, lakini neno lenyewe likanibaki kichwani.

Pembeni. Neno gani hili lisilotulia? Subiri pembeni. Hebu tuongee pembeni. Hilo liweke pembeni kwanza. Fulani ana mtu wake wa pembeni, na majirani wanamtazama kwa jicho la pembeni. Kwenye kompyuta, pembeni ni kila kilicho nje ya boksi, kinachoning'inia kwa waya. Vichomoe vyote, na mashine itaendelea kunguruma na hesabu zake, ila haitakuwa na wa kumwambia. Hayo nawaeleza wateja, na wateja wanataka tu printa yao.

Kisha daktari wako wa macho naye akalitamka. Presha ya macho, akasema, huanza kula pembeni. Katikati ataendelea kuona. Pembeni patafungika kidogo kidogo, na palipofungika hapafunguki. Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukigonga fremu za milango, ukiangusha vikombe, nasi tukikutania kwamba uzee umekuletea maringo.

Mama, mimi nimekaa pembeni yako maisha yangu yote. Mbele yako walikaa wageni, wakakaa kaka zangu na mabishano yao. Mimi kushoto kwako, nikikutungia uzi kwenye sindano, nikikumiminia chai kabla hujaomba. Sikulalamika. Palikuwa pangu, nikapapenda. Lakini sasa upande wangu ndio unaozimika, na moyo haunikai. Naogopa, mama. Naogopa nitafutika nikiwa bado nimekaa palepale.

Jana ulipaza sauti kuniita, nami nilikuwa hapo hapo, kiwiko changu kikigusa mto wako. "Huyu mtoto kaenda wapi tena?" ulimuuliza mama mdogo. Mama mdogo akanitazama, mimi nikamtazama yeye.

Basi sikutulia tena. Nikahamisha kiti kulia kwako, nikakirudisha kushoto, nikakisogeza, nikakipindisha, nikainuka, nikakaa. Mama mdogo akaniuliza kama nimekalia siafu. Mwishowe nikakileta mbele yako kabisa, goti kwa goti, mahali pa wageni. Nitazame, mama, nikasema. Nitazame sasa, ungali unaweza.

Ukanitazama. Paji la uso, macho, mdomo, kidevu, ukapita taratibu, hukuruka kitu. Nikaona haya, mtu mzima mimi, machozi yakanilenga.

"Umechoka, mwanangu," ukasema.

Kisha ukainamia kushoto kama ulivyozoea, kwenye bega langu lililokuwa halipo. Mkono ukapapasa hewa. Ukayumba, nikakudaka.

"Haya, nimeshakuona," ukasema, ukinisukuma kwa vidole. "Sasa rudi ubavuni. Ukikaa huko mbele, mimi nitaegemea nini?"