Posa ya Louisville

Gaudiosi hakuwa na gari, hakuwa na Kiingereza cha kuagizia chakula, na tangu mkewe afariki hakuwa na mtu wa kumwambia kola yake imekunjika. Mwaka 2015, akiwa na miaka sitini na minane, alipanda basi kutoka Buffalo hadi Louisville, huko huko Marekani, kumposa Angelika, mjane aliyekuwa jirani yake katika kambi ya wakimbizi Tanzania.

Jioni Angelika alimtembeza mji wa kale. Taa za gesi ziliwaka mbele ya nyumba za matofali mekundu. Kila mlango wa baa ulipofunguka, sauti ya tarumbeta ilitoka ikawasindikiza hatua chache, kisha ikawaachia nyingine. Gaudiosi alijiona kama anaelea.

"Mzee, umetoka Buffalo kuja kutazama taa?"

"Nimekuja na neno, ila sina msemaji. Kwetu mwanamume hajiposei."

Angelika alicheka mpaka akashika uzio. "Msemaji utampata wapi hapa? Umwombe yule mpiga tarumbeta?"

"Usinicheke, mama. Nikilisema mwenyewe nitakuwa nimekudharau."

Kicheko kikaisha. Walitembea hadi taa ya tatu.

"Kaka yangu Protasi yuko Columbus," Angelika alisema taratibu. "Mwandikie yeye. Usirefushe, atasoma mpaka Krismasi."

"Naye akikuuliza?"

"Kwanza aniulize. Jibu ninalo."

Asubuhi Gaudiosi aliandika ukurasa mmoja mezani kwa Angelika. Akalamba gundi, akaifunga bahasha, wakaenda pamoja hadi kwenye sanduku la posta. Angelika akafungua kifuniko, naye akaitumbukiza.