Fundo la Leso ya Nabututu

Jumanne ile Ouma alirudi ufukweni mwa ziwa, Asembo Bay, na chupa nne za maji badala ya saba. Kwa miaka miwili yeye na mwenzake Nabututu, mama yake Naswa, walikuwa wakichota maji ya utafiti kwa kayaki, kwa kuwa magugu maji hunasa injini za mashua. Sasa bega lake la kulia lilikataa hata kuvalishwa shati.

"Wiki ijayo nahitaji saba," alisema Daktari Debra, mkuu wa utafiti, kwa upole usioficha kitu. "Zikipungua tena, Bwana Ouma, itanibidi nitafute mtu mwingine."

Nabututu, ambaye chupa zake saba zilikuwa tayari kwenye kreti, alimfuata kando. "Nikuonyeshe kitu?"

"Mama Naswa, mimi nimezaliwa hapa. Nyinyi wa Bungoma maji mlikuwa mnayaona kwa sufuria."

"Ndiyo maana sikuwa na kitu cha kusahau, Ja-Asembo, mzaliwa wa hapa."

Neno hilo lilikuwa kweli. Tangu utotoni Ouma alipiga kafi la bapa moja, akisimamisha mkono wa juu kupita kichwa na kuvuta kwa nguvu za bega. Katika kayaki, ambamo mtu huketi karibu usawa wa maji na kafi lina mabapa mawili, mazoea hayo yalikuwa yakilisaga bega kila upande, bila pumziko.

Nabututu alimkataza kuingia ziwani kwa siku tatu. Siku ya nne alimketisha mchangani, miguu mbele, akamfunga leso kifuani, fundo katikati.

"Usivute na mkono. Geuza fundo kwanza, lielekee upande wa pili, bega la upande wa bapa litangulie. Bapa likizama, sukuma na mguu wa upande huo, kiwiliwili kirudi chenyewe. Mkono wa juu usipite macho. Bapa likifika kwenye nyonga, litoe. Ukingoja kiwiko kiende nyuma, bega litalia."

"Na vidole?"

"Kama umeshika kifaranga."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena waliangua kicheko. "Yawa, Ouma! Mtoto wa hiyo leso ameangukia wapi?"

"Mtoto ni mimi!" alijibu, akiendelea kugeuka.

Jumanne iliyofuata alichota maji katika vituo vinne, chupa moja kila kimoja, leso ingali kifuani, bila maumivu. Kuelekea cha tano upepo ulimpiga usoni, naye kwa hofu akarudia mtindo wa zamani wa kuvuta: mkono juu, meno yameumana. Bega likachoma. Aliinamisha macho, fundo lilikuwa limetulia kama msumari ukutani. Mbele yake, mbali, Nabututu alikuwa akiukata upepo huohuo bila haraka, mgongo wake ukizunguka taratibu, mikono ikifuata tu. Ouma hakuwahi kumtazama hivyo. Aliona uzuri wa kazi isiyopoteza hata tone la nguvu. Akalegeza vidole, akaligeuza fundo, na kayaki ikasogea.

Alifika wa mwisho. Ndani ya maabara, Daktari Debra alihesabu chupa saba, kisha akaonyesha rafu ya juu. Ouma alizipandisha moja moja, kwa mkono wa kulia.

"Sawa, Bwana Ouma," alisema Debra. "Tuonane Jumanne."

Nje, Nabututu alinyoosha mkono. "Leso yangu?"

"Niachie kwanza, mwalimu," alisema Ouma. "Bado sijamaliza kusahau ya zamani."