Savannah ya Marlys, Las Vegas ya Duane

Tangu Krismasi, uso wa Curt Nygaard ulikuwa umebandikwa kwenye mlango wa friji ya Duane Lindquist, na kila Duane alipofuata maziwa ilikuwa kama anamwomba njia. Barua za Krismasi zilikuja nyingi. Ndiyo desturi ya mji wao wa Nordby na ya Minnesota nzima: mwaka ukiisha, kila nyumba huandika ukurasa mmoja wa kujisifu kwa unyenyekevu, ikatia na picha, ikawatumia watu wote, hata wasioulizia. Januari mkewe, Marlys, alizibandua zote. Ya Curt ikabaki.

Curt huyo alikuwa mchumba wa Marlys kabla Duane hajajulikana hata kwa jina. Akahamia Savannah, kusini kwenye joto, akamwoa Judith, akanunua nyumba yenye nguzo. Barua yake ya mwaka huu, katikati ya habari za mbwa na maua, ilisema kwamba Judith alifariki Septemba, na kwamba chumba cha wageni kiko wazi kwa marafiki wa zamani. Duane aliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma Biblia, na hakuona ndani yake wokovu wowote.

Basi Februari, wawili hao walipoketi jikoni kuchagua pa kwenda likizo, ya kwanza tangu binti yao aolewe, Marlys akasema, "Mimi naona Savannah."

Duane akausikia mdomo wake mwenyewe ukijibu, "Mimi naona Las Vegas."

Hakuwa ameiwaza Las Vegas hata siku moja maishani mwake. Lakini iko jangwani, mbali kabisa na Curt, na kwa wakati ule sifa hiyo ilitosha.

"Las Vegas," Marlys alirudia, akivua miwani. "Wewe."

"Kuna taa."

"Hapa pia kuna taa, Duane. Juzi umeninunia wiki nzima kwa kuacha ya barazani inawaka."

"Kuna chemchemi zinacheza muziki. Mtu anakula saa yoyote. Savannah kuna nini? Miti."

"Ndiyo, miti. Nataka kutembea Machi bila glavu, nikae chini ya mti, niinuke, nikakae chini ya mwingine, na mtu asinikimbize."

Kila neno lilimwingia Duane kama mwiba wa samaki. Katika kila mti alimwona Curt ameegemea, anachekacheka.

Kesho yake akapeleka kidonda chake kazini, kwenye karakana ya malori ya theluji, alikoendesha lori lenye bamba la mbele la kusukumia theluji kwa miaka ishirini na saba. Wendell, mwenzake wa zamu, alimsikiliza huku akichovya andazi kwenye kahawa.

"Kwa hiyo," Wendell alisema, "unampeleka mkeo jangwani asionane na mgane."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, unanuka tu. Wewe utacheza kamari gani, mzee? Ulipokosa ile nyama ya zawadi kwenye bahati nasibu pale baa, hukusema na mtu mpaka Pasaka."

"Ilikuwa ya mbavu, Wendell."

"Sikiliza. Nenda naye huko Savannah. Kaa katikati yao kama jiwe la figa. Mtu haibiwi mke huku anamtazama."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Duane alikusudia kuufuata. Ila kwenda kwenyewe kulikuwa na njia yake. Watu wa Nordby hawakubali kitu mara ya kwanza, huo ni ulafi. Mara ya pili bado ni haraka. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, unakaribishwa tena unasema usijisumbue, ukikaribishwa mara ya tatu unasema haya basi, tone tu, kisha unakunywa birika zima. Marlys mwenyewe alipoposwa alikataa mara mbili, na Duane wala hakushtuka.

Jumapili ile Marlys aliweka mezani bakuli la nyama ya kusaga iliyookwa chini ya viazi, akasema, "Mimi nimeamua, naenda Savannah. Nimeshamwandikia Curt kwamba tutapita kula. Twende."

Nimeshamwandikia. Roho ya Duane ilijikunja kama karatasi motoni, lakini adabu ikamshika.

"Hapana, nenda tu."

"Kweli hutaki? Twende, Duane."

"Usijisumbue na mimi. Niko sawa."

Akateua kiazi kimoja akakitafuna taratibu, amejiweka tayari kuambiwa mara ya tatu. Marlys alimtazama kitambo. Kisha akafuta mikono, akainua simu, akampigia dada yake Ardis. Duane hajameza kile kiazi, Ardis ameshakubali. Mara ya kwanza! Kama mtu asiye na mama.

"Wewe utakwenda Las Vegas yako, sivyo?" Marlys aliuliza, na sauti yake haikuwa na kisu wala asali.

"Ndiyo," alisema Duane, maana mwongo akishapanda mti hateremki kwa kuitwa.

Wiki tatu zilizofuata alikonda. Marlys alinunua viatu vya wazi, Duane akavitazama vidole vya mkewe kana kwamba vimemsaliti. Marlys alikata nywele, Duane akauliza kama Ardis naye amekata. Hakuwa amekata. Marlys aliimba akipiga pasi gauni la buluu. Mumewe alilijua gauni hilo miaka saba, na miaka yote saba alisahau kulisifu, ila asubuhi hiyo aliliona kwa macho ya Curt, na lilikuwa zuri mno.

Siku ya safari, theluji ikaanguka alfajiri, ikafika magotini. Zamu ilikuwa ya Duane. Kulipopambazuka alikuwa ameshasafisha barabara kuu, ya shule na ya kanisa, na redio ikatangaza kwamba ndege za uwanja wa Duluth zitaruka kama kawaida. Ilibaki Barabara ya Msonobari, yenye nyumba nne, na ya mwisho ni yake. Bila kusafishwa, gari halitoki humo.

Akafika kwenye kona. Akapunguza mwendo. Akapita.

Akazunguka, akasafisha tena barabara ya kanisa, ambayo tayari ilikuwa safi kama sahani ya mchoyo. Akarudi kwenye kona, akapita mara ya pili. Hakuwa akifanya kosa lolote, alijiambia. Orodha ni orodha, na kuna barabara lazima iwe ya mwisho.

Mara ya tatu mtu alikuwa amesimama pale konani. Marlys, theluji mpaka magotini, sanduku kichwani kama mkimbizi. Duane akafunga breki. Mkewe akapanda, akaliweka sanduku mapajani, akakaa akihema.

"Umepita hapa mara ngapi?" aliuliza. "Nilikuwa dirishani, usinidanganye."

"Mbili."

"Mtu mzima."

Lori lilinguruma mahali pake. Duane alitazama mbele, kwenye weupe usio na alama.

"Namwonea wivu Curt," alisema. "Tangu Krismasi. Nadhani tangu zamani. Utakaa pale kwake, utaona nguzo, utaona miti, kisha utaniona mimi."

Marlys hakucheka, ingawa alikuwa na haki.

"Aliniacha kwa barua," alisema. "Mistari minne. Mimi nikakaa miaka thelathini na mbili nikimwonea wivu Judith, kila Krismasi, na nyumba yake na maua yake. Sasa amekufa, na bado namwonea. Unafikiri napenda? Nataka niingie mle ndani mara moja, nile, nione ni nyumba tu, nitoke na miguu yangu."

"Na kama si nyumba tu?"

"Hapo nitajua. Wewe nilikutaka twende pamoja, ukanambia uko sawa. Nimechoka kukubembeleza, Duane. Ukitaka kitu, kiseme."

"Ningetaka kwenda."

"Sasa hivi huna tiketi. Wala ya Las Vegas huna, nimeangalia."

Duane akateremsha bamba, akakunja kona, akaisafisha Barabara ya Msonobari mpaka mlangoni kwake, theluji ikiruka pembeni juu kuliko madirisha, kisha akageuza, akampitia Ardis, akawapeleka wote wawili uwanja wa ndege, wamebanana ndani ya lori la serikali, Ardis akilalamika habari za goti lake njia nzima.

Kwenye mlango wa abiria alimshusha mkewe, akamshushia sanduku. Wivu ulikuwa bado umemkaa kooni, mzima kabisa, haujapungua hata punje. Ila safari hii aliongea nao ukiwa humo humo.

"Gauni la buluu linakupendeza," alisema. "Utarudi?"

Marlys alimfunga kitufe cha juu cha koti.

"Jumamosi, saa tisa alasiri," alisema. "Uje na gari dogo. Hili linanuka dizeli."